Dorian Gray hakuuza roho kwa shetani

Riwaya ya Oscar Wilde, The Picture of Dorian Gray, ni kati ya vitabu ambavyo watu huvijua kabla ya kuvisoma. Kijana mzuri kupindukia habadiliki, picha aliyochorwa inazeeka kwa niaba yake, mwisho anakufa vibaya. Muhtasari huo si wa uongo, ila umezaa dhana kadhaa zisizo sahihi, na nyingi zinafanana: zinamtafutia Dorian mtu wa kumbebea lawama.

"Alifunga mkataba na shetani." Msake shetani katika sura ya 2, hutamwona. Kuna studio ya mchoraji Basil Hallward jijini London, kuna bustani, kuna mgeni mwenye maneno matamu aitwaye Lord Henry Wotton, na kuna kijana anayeitazama picha yake na kuionea wivu. Anasema angetoa hata roho yake ili yeye abaki kijana na picha ndiyo izeeke. Basi. Hakuna shetani anayemjibu, wala hakuna saini ya damu. Habari za shetani zinakuja sura ya 16, kinywani mwa mwanamke mmoja kwenye kijiwe cha kasumba karibu na gati za London, naye anasimulia yale watu wanayosema. Tena sura hiyo haikuwemo hadithi ilipotoka mara ya kwanza, mwaka 1890, katika jarida la Lippincott's la Philadelphia. Iliongezwa kwenye kitabu cha 1891. Mimi naona Wilde alikiacha kiti cha shetani wazi makusudi.

"Picha inazeeka, hiyo tu." Dorian aliomba kuhusu umri, lakini alama ya kwanza haina uhusiano na umri. Alikuwa amemchumbia Sibyl Vane, mwigizaji wa jumba duni la maigizo. Usiku mmoja Sibyl anaigiza vibaya kwa sababu mapenzi yamemjaa, na Dorian anamwambia ukweli wa moyo wake: bila sanaa yako wewe si kitu. Anarudi nyumbani kunakucha, anaona mdomo wa kwenye picha umeingiwa na ukatili. Uso ni ule ule wa kijana, bila kunyanzi hata moja. Kile kinachosomwa pale ni nia. Karibu na mwisho anamwacha binti wa kijijini, Hetty Merton, bila kumharibia maisha, kisha anakimbilia chumba cha juu kuona kama picha imetengemaa. Anakuta macho yana ujanja na mdomoni kuna mkunjo wa mnafiki. Alitenda jema ili ajitazame, na picha haikudanganyika.

"Lord Henry ndiye aliyempotosha." Hapa kuna ukweli mwingi, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kung'oa. Lord Henry anamwambia Dorian waziwazi kwamba hakuna ushawishi mwema, kwa kuwa kumshawishi mtu ni kumpa roho yako mwenyewe, halafu papo hapo anaanza kumshawishi. Anamfanya kama jaribio la maabara. Lakini tazama mambo yenyewe yanavyokwenda. Basil alikuwa ameshauabudu uzuri wa kijana huyu kabla Henry hajabisha hodi, na picha ya Basil ndiyo iliyomfunza Dorian thamani ya uso wake. Huyo mtu mwema ana sehemu yake. Baada ya kumfukuza Sibyl, Dorian mwenyewe anaandika barua ndefu ya kuomba msamaha. Henry anafika na habari kwamba binti amekufa kwa sumu, wanazungumza, na jioni hiyo hiyo Dorian yuko opera. Henry alimpa maneno ya kujifariji, lakini miguu iliyokwenda opera ilikuwa ya Dorian.

Kuhusu matendo, Basil anamwambia Henry mapema kabisa: husemi jambo la maadili hata siku moja, wala hutendi baya hata siku moja. Mwanafunzi alichukua kama mazoea yale mwalimu aliyoyasema kwa kupiga soga. Halafu kuna sura ya 19, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Dorian, ambaye kweli amemuua Basil, anamuuliza Henry: ungesemaje nikikwambia nilimuua Basil? Henry anamwambia huna uwezo huo. Dorian analalamika kwamba Henry alimtilia sumu kwa kile kitabu cha jalada la manjano alichompa zamani, anamsihi asimpe mtu mwingine. Henry anajibu kuwa hakuna kitu kama kutiliwa sumu na kitabu. Sanaa, anasema, haina athari kwa matendo. Ni yule yule aliyehubiri ushawishi studioni! Wilde hatoi hukumu.

"Dhambi huonekana usoni." Hii ni dhana ya wahusika wenyewe. Waswahili tuna uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini jamii ya kitajiri ya London katika riwaya hii haitaki kabisa kusikia hilo. Wanasikia uvumi, wanautazama ule uso, wanaukataa uvumi. Basil ndiye anayelisema kwa sauti: dhambi hujiandika usoni, haifichiki. Anamwambia hayo Dorian usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa ya 38, anapandishwa juu kuoneshwa picha, na hashuki tena.

"Kitabu kilipigwa marufuku, kisha kikamfunga Wilde." Serikali haikutoa marufuku. Kampuni ya W. H. Smith iliondoa jarida lile katika vibanda vyake vya stesheni za reli, na magazeti yakalishambulia. Wilde akayajibu kwa barua, akisema katika mojawapo kwamba anayeziona dhambi za Dorian amekuja nazo mwenyewe. Mwaka 1895 ni yeye Wilde aliyemshtaki Marquess wa Queensberry, kabaila aliyekuwa baba wa mpenzi wake, kwa kumkashifu. Wakili wa Queensberry, Edward Carson, alimhoji Wilde kuhusu riwaya, akitumia chapa ya jarida na kudai kuwa ile ya kitabu ilikuwa imesafishwa, neno ambalo Wilde alilikataa. Kesi hiyo ilipoporomoka, ndipo Wilde naye akashtakiwa. Kilichompa miaka 2 ya kazi ngumu tarehe 25 Mei 1895 kilikuwa ushahidi wa wanaume walioletwa kizimbani kueleza mahusiano yao ya kimwili naye, chini ya sheria ya 1885 iliyofanya mahusiano hayo kuwa kosa la jinai.