Molekuli zinazong'aa na saratani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Mgonjwa akipewa molekuli zinazong'aa, saratani huwaka mwilini, kila mtu akaiona.

Ukweli: Hazing'ai zenyewe, mpaka zimulikwe kwa mwanga maalumu. Mwenye uvimbe wa ubongo aina ya glioma hunyweshwa dawa iitwayo 5-ALA yapata saa tatu kabla ya ganzi. Chembe (seli) za uvimbe huigeuza kuwa protoporfirini, kemikali ing'aayo, na kuilimbikiza kuliko chembe zenye afya. Mpasuaji akiwasha taa ya buluu kwenye hadubini, uvimbe huonekana mwekundu. Msaada huu ni mkubwa, maana kwenye ubongo hakuna nafasi ya kubahatisha: ukibakiza, uvimbe hurudi mapema, ukizidisha, mgonjwa aweza kupoteza usemi. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2006 chini ya Walter Stummer, uvimbe uliokuwa ukionekana kwenye picha za MRI ulitolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa 5-ALA, na asilimia 36 tu ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida.

Dhana: Kila king'aacho ni saratani.

Ukweli: La, na hapa ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Dawa nyingine, pafolacianine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa upasuaji wa saratani ya ovari, hujishika kwenye vipokezi vya foleti, yaani sehemu za chembe zinazonasa vitamini hiyo, ambavyo chembe za saratani hiyo huwa navyo kwa wingi. Figo nazo zina vipokezi hivyo, kwa hiyo huweza kung'aa bila saratani. Hata vidonge vya foliki, aina ya foleti wanayopewa wajawazito, huweza kuziba nafasi ya dawa hiyo, hivyo mgonjwa huambiwa aviache siku mbili kabla. Tena kuna saratani isiyong'aa. Jibu la mwisho hutoka maabara, nyama ikishapimwa.

Dhana: Ni mionzi.

Ukweli: Ni mwanga tu. Ila aliyekunywa 5-ALA hukingwa na jua na taa kali kwa siku moja au mbili, kwa kuwa ngozi yake huungua upesi.

Dhana: Sasa picha za CT na MRI hazihitajiki.

Ukweli: Bado zinahitajika. Mwanga huu hupenya nyama kidogo sana, hata ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, hufifia baada ya milimita chache. Uvimbe uliojificha ndani hauonekani kwa kumulika ngozi. Ndiyo sababu dawa ya pegulicianine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa saratani ya matiti, hutumika uvimbe ukishatolewa: mpasuaji humulika ndani ya shimo lililobaki, akitafuta masalia kabla ya kushona.