Kichanga anayenukia uwatu

Daktari kijana alinipigia simu kutoka wodi ya wazazi, sauti ikimtetemeka. Kichanga wa siku ya tatu ananukia sukari iliyoungua, na vitabuni alisoma ugonjwa mmoja tu wenye harufu hiyo. Nikashuka. Nikanusa nepi, nikanusa utosi. Harufu ipo kweli. Lakini mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa, na nilipomchokoza unyayo alipiga ukelele wa kuamsha wodi nzima. Nikamgeukia bibi yake aliyekaa na thamosi mapajani.

"Bibi, humo mna nini?"

"Uji wa uwatu, mwanangu. Mzazi asipokunywa uwatu, maziwa yatatoka wapi?"

Uwatu na ugonjwa ule vina kemikali moja inayotoa harufu, inaitwa sotoloni, nayo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo damu tuliipeleka kupimwa, ikarudi safi. Kijana hakukosea kuogopa.

Wazungu waliupa ugonjwa huo jina la maple syrup urine disease, yaani mkojo wenye harufu ya shira inayogemwa kwenye mti wa mepo wa huko Marekani, kwa sababu aliyeueleza kwanza, mwaka 1954, ni daktari John Menkes wa Boston, Marekani, katika familia iliyozika watoto wanne, wote wakiwa hawajatimiza miezi mitatu. Angekuwa mtu wa Mombasa, leo tungeuita ugonjwa wa uwatu.

Protini ya maziwa ikisagwa tumboni hutoa asidi amino. Tatu kati yake, lusini, isolusini na valini, zinategemea kimeng'enya kimoja ili zivunjwe. Kimeng'enya hicho kimeungwa kwa vipande, na maelekezo ya vipande hivyo yako kwenye jeni tofauti: BCKDHA katika kromosomu ya 19, BCKDHB katika ya 6, DBT katika ya 1. Jeni yoyote kati ya hizo ikiharibika kwa pande zote mbili, ya baba na ya mama, kazi inakwama. Lusini inalundikana, ubongo unavimba.

Tumboni mtoto hana shida, kwa maana kondo la nyuma linamsafishia damu. Anazaliwa mzima, watu wanapiga vigelegele. Siku ya tatu au ya nne ananyonya kivivu, analegea, kisha anakakamaa na degedege linaanza. Wengi hutibiwa kama wenye maambukizi ya damu, na wakifa huandikwa hivyo.

Hapo ndipo ukweni huanza kumtazama mama kwa jicho jingine: maziwa yake machungu, au ana lake jambo. Hili huniudhi. Hesabu ni ileile ya selimundu. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni, moja nzima na moja mbovu, na ile nzima inamtosha, kwa hiyo haumwi kamwe. Mtoto huumwa akizipata mbovu zote mbili, na uwezekano huo ni robo kwa kila mimba. Msiniambie "tumeshampata mmoja, watatu wanaofuata watapona". Mimba haijui iliyotangulia.

Tena ubovu lazima uwe kwenye jeni ileile. Baba akiwa na BCKDHA mbovu na mama DBT mbovu, watoto hawaugui. Ndiyo maana ugonjwa huu ni adimu, takriban mtoto 1 kati ya 185,000 duniani, lakini kwa Wamenno wa kale, dhehebu la Kikristo la Pennsylvania, Marekani, wanaooana wao kwa wao, ni kama 1 kati ya 380. Kwao karibu wote wana kosa moja: katika maelekezo ya BCKDHA herufi T imekuwa A, na asidi amino ya tirosini ikawa nyingine, asparajini. Herufi moja! Na sisi tunaooza binamu kwa binamu tusijione tuko mbali na hesabu hiyo.

Kinachotenganisha uwatu na ugonjwa ni aloisolusini, kemikali ndugu ya isolusini, ambayo hupanda kwenye damu ya mgonjwa na uji hauwezi kuileta. Akigundulika mapema, hupewa maziwa maalumu yasiyo na zile tatu, kisha lusini anapimiwa kidogo kidogo. Kumnyima maziwa tu na kumwacha na njaa ni hatari, kwa sababu mwili utakula misuli yake wenyewe na lusini itamiminika kutoka humo. Lazima apewe glukosi.

Bibi aliuliza kama amemdhuru mjukuu. Nikamwambia hapana, ila siku nyingine atuambie mapema kilichomo kwenye thamosi. Akanimiminia kikombe.