Je, wajua kwa nini kitochi chako kimebeba jina la mji mdogo wa Ufini?

Umeme ukikatika usiku, wengi wetu tuliokua miaka ya 2000 tulijua la kufanya. Unapapasa kitandani mpaka unakishika kitochi, unabana kitufe, chumba kinaonekana. Tanzania tulikiita hivyo, kitochi. Kenya wakakipa jina lenye ukali zaidi, mulika mwizi. Simu iliyoeneza mtindo huo, Nokia 1100, ilitoka mwaka 2003, na duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Juu ya kioo chake pameandikwa neno la herufi tano ambalo mimi, kwa miaka mingi, niliamini ni la Kijapani. Litamke polepole, No-ki-a, uone kama hutanielewa.

Kumbe ni jina la mji. Uko Ufini, kilomita kama 15 magharibi ya jiji la Tampere, na wakazi wake ni kama 35,000. Makao makuu ya kampuni ya simu hayako hapo. Yako Espoo, jirani na Helsinki. Kiwanda kikubwa cha simu nacho kilikuwa Salo, mji mwingine kabisa, kusini-magharibi. Sasa jina la mji huu wa kando ya ziwa lilifikaje mfukoni mwa mtu wa Singida?

Lilibebwa na maji, na ili kuyaelewa maji hayo inabidi tuanzie kwenye barafu.

Ukiitazama ramani ya Ufini unaona nchi iliyotobokatoboka. Maziwa yenye eneo la kuanzia mita za mraba 500 yanahesabiwa kufika 188,000 hivi. (Mita za mraba 500 ni kiwanja cha nyumba moja ya mjini, kwa hiyo tusiwaonee gere sana, hata kidimbwi kimo kwenye hesabu.) Zama za barafu, nchi nzima ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita mbili na zaidi, na uzito ule uliididimiza ardhi kama godoro linavyobonyea mtu akililalia. Barafu ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 na ushee iliyopita, ardhi ikaanza kuinuka. Haijamaliza. Sehemu za pwani ya magharibi, kwenye Ghuba ya Bothnia, bado zinapanda karibu milimita 9 kila mwaka.

Kaskazini ya Tampere kuna ziwa kubwa liitwalo Näsijärvi. Hapo kale maji yake yalitoka ziwani kupitia upande wa kaskazini-magharibi, na upande huo ndio uliokuwa ukiinuka upesi kuliko mwingine. Chukua beseni la maji, liinue ukingo mmoja taratibu: maji yatasogea upande wa pili mpaka yamwagike. Ndivyo ilivyokuwa. Yapata miaka 7,500 iliyopita maji ya Näsijärvi yalipasua tuta la mchanga na kokoto upande wa kusini, yakajifungulia njia mpya. Njia hiyo ni Tammerkoski, maporomoko yanayoshuka mita 18 ndani ya mwendo usiofika kilomita mbili, na Tampere imejengwa kandokando yake.

Kutoka hapo maji huingia ziwa la pili, Pyhäjärvi. Järvi ni ziwa, pyhä ni takatifu, basi hilo ni Ziwa Takatifu. Ziwa hilo lina mlango mmoja wa kutolea maji, kipande kifupi cha mto kiitwacho Nokianvirta, kinachoteremka kama mita 20 hadi ziwa la tatu, Kulovesi. Baada ya hapo maji huendelea na safari yake mpaka baharini, karibu na mji wa Pori. Ni kama ngazi: ziwa, mteremko, ziwa, mteremko, ziwa. Mji wa Nokia umekaa kwenye mteremko wa pili.

Neno virta lina raha yake kwa sisi wasemaji wa Kiswahili. Maana yake ni mkondo: mkondo wa maji, na vilevile mkondo wa umeme, sawasawa na kwetu. Mji huu umeishi kwa maana zote mbili, moja baada ya nyingine.

Na Nokia lenyewe lina maana gani? Katika Kifini cha leo noki ni masizi, kama yale ya kwenye sufuria la kuni. Maelezo yanayosimuliwa zaidi, lakini, hurudi kwenye neno la kale la mnyama mdogo mwenye manyoya meusi, ukoo mmoja na kicheche, aliyewindwa kwa ajili ya ngozi yake. Wapo wasioyakubali maelezo hayo. Masizi au mnyama, weusi umo.

Kabla ya viwanda, Nokia palikuwa na shamba kubwa la kibwanyenye, na vitabu vya historia ya Ufini vinalikumbuka shamba hilo kwa damu. Mwishoni mwa mwaka 1596, nchi ikiwa chini ya Uswidi, wakulima walichoka kulazimishwa kuwalisha na kuwahifadhi askari. Wakashika marungu, na hata vita vyenyewe vikaitwa Nuijasota, yaani Vita vya Marungu. Walipofika Nokia wakakutana na jeshi la Klaus Fleming, gavana wa Ufini, lenye silaha hasa. Kiongozi wao, Jaakko Ilkka, alitoroka usiku. Wenzake wakatawanyika na wengi waliuawa wakikimbia. Ilkka naye alikamatwa na kuuawa Januari 1597.

Turuke karne karibu tatu. Ufini imehama mikono, sasa iko chini ya Urusi. Mhandisi wa madini, Fredrik Idestam, anakwenda Ujerumani na huko anaona jambo linalomfanya ayasahau madini. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara, na matambara yalikuwa hayatoshi tena. Wajerumani walikuwa wakisaga miti. Gogo linabanwa ubavuni mwa jiwe kubwa la mviringo linalozunguka, maji yanamiminwa, na jiwe linakwangua nyuzi za mti mpaka gogo zima linageuka uji mzito. Ni kukuna nazi kwa namna fulani, ila hapa mbuzi ndiyo inayozunguka, nazi imetulia. Uji huo ndio malighafi ya karatasi. Na ili jiwe lizunguke usiku na mchana bila kulipia kuni wala makaa, unataka miti mingi na maji yanayoteremka. Vyote viwili Idestam alikuwa ameviacha nyumbani.

Mwaka 1865 alipata kibali cha kujenga kinu chake cha kwanza, pale Tammerkoski. Miaka mitatu baadaye akajenga cha pili kule chini, kando ya Nokianvirta. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanzisha chochote: kati ya 1866 na 1868 mavuno yaliharibika na njaa ikaua zaidi ya watu 100,000 nchini. Hata hivyo kinu kilidumu. Mwaka 1871 Idestam na rafiki yake Leo Mechelin wakaunda kampuni, wakaipa jina la mahali kinu kilipo. Hakukuwa na ubunifu wowote wa kibiashara. Ni kama mtu anayefungua duka la mbao Mafinga na kuliita Mafinga.

Baadaye marafiki hao walitofautiana. Mechelin, aliyekuwa mwanasiasa, alitaka kampuni iingie kwenye biashara ya umeme, Idestam akakataa. Idestam alipostaafu, Mechelin akapata nafasi yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkondo wa maji ukaanza kuwa mkondo wa umeme.

Umeme huo ukawavuta watu wa mpira. Kampuni ya Suomen Gummitehdas, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilihamishia kiwanda chake Nokia mwaka 1904. Kwa nchi ya theluji na matope, viatu vya mpira ni kama chumvi, kila nyumba inavihitaji. Mimi naona hapa ndipo jina lilipopata miguu, wala si kwenye karatasi. Karatasi inanunuliwa na mchapishaji, mwananchi hajui imetoka wapi. Gambuti ananunua mwenyewe, na watu wa mpira waliamua kuligonga jina la mji kwenye bidhaa zao. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakihofia kukosa umeme, wakanunua hisa za kampuni ya Nokia yenyewe. Mpangaji kamnunua mwenye nyumba! Mwaka 1922 wakaongeza na kiwanda cha nyaya cha Helsinki.

Kwa miongo zaidi ya minne karatasi, mpira na nyaya viliishi kama watoto wa baba mmoja wenye nyumba tofauti. Mwaka 1967 vikaunganishwa rasmi, na jina likawa la mkubwa wao kwa umri. Kitengo cha elektroniki kilikuwa kimezaliwa upande wa nyaya, na kutoka hapo zikaja redio za mawasiliano, mitambo ya simu, na mwishowe simu za mkononi. Mwaka 1992 Jorma Ollila alikabidhiwa uongozi, na chini yake kampuni ikaamua kuishi kwa mawasiliano peke yake. Vilivyobaki viliuzwa. Ukipiga hesabu, kampuni iliviacha karibu vyote vilivyofanywa na mji wa Nokia, ikaondoka na jina. Hata simu zenyewe nazo ziliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014, lakini hicho ni kisa kingine.

Na mji? Uko palepale. Kando ya Nokianvirta bado pana kiwanda cha karatasi, siku hizi laini, zile za chooni na za jikoni. Maporomoko yenyewe yamefungwa kwa mabwawa, na chini kidogo, Melo, mteremko unazungusha mitambo ya umeme. Maji haya yamewahi pia kuugeuka mji. Novemba 2007, valvu moja kwenye mtambo wa majitaka iliachwa wazi, na maji machafu yaliyokwisha kusafishwa nusu yakaingia kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Zaidi ya watu 8,000 waliugua matumbo, na kwa wiki nyingi watu wa moja ya nchi zenye maji mengi duniani walikuwa wakichemsha maji ya kunywa.

Upande wa mpira ndio uliobaki na sifa. Mwaka 1934 kiwanda cha Nokia kilitoa tairi linalotajwa kuwa la kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa majira ya baridi, tairi la malori yaliyokuwa yakikwama kwenye theluji. Mwaka 1936 likafuata la magari madogo, Hakkapeliitta, jina la askari wa farasi wa Kifini wa karne ya 17 waliokuwa wakipiga kelele ya “wakatekate”. Jina hilo linauzwa mpaka leo. Kampuni ya matairi ilijitenga mwaka 1988, na makao makuu yake hayajatoka mjini.

Ukilitazama tairi lake kwa karibu utaona halikuandikwa Nokia. Limeandikwa Nokian. Watu wengi hudhani ni kosa la uchapaji au ni bidhaa bandia. Hiyo n ya mwisho hufanya kazi ya -a yetu ya umilikaji: Nokianvirta ni mkondo wa Nokia, na tairi la Nokian ni la Nokia.