Kemikali za Plastiki Katika Dawa za Mitishamba: Maswali na Majibu

Je, dawa iliyotengenezwa kwa majani na mizizi safi inaweza kuchafuliwa na chupa yake?

Inaweza. Plastiki hutiwa kemikali za kuilainisha, kuipa rangi na kuikinga na jua, na baadhi yake, kwa kuwa hazikufungamana nayo kabisa, huhama polepole na kuingia katika kilichomo ndani. Zinazojulikana zaidi ni thaleti, ambazo hulainisha plastiki ya PVC, na bisfenoli A ya plastiki ngumu ya polikaboneti. Hata chupa za PET, zile za maji ya kunywa, huweza kuachia kidogo madini ya antimoni yaliyobaki tangu kiwandani.

Ni dawa zipi zilizo hatarini zaidi?

Za mafuta na zilizolowekwa katika pombe, kwa sababu thaleti huyeyuka humo kwa urahisi kuliko katika maji. Unga mkavu hauchukui kemikali kwa kasi hiyo. Lakini kosa linalonisikitisha zaidi ni la kumimina mchemsho ungali moto katika chupa ya plastiki, kisha kuiacha juani siku nzima: joto huharakisha uhamaji huo, na kadiri dawa inavyokaa ndivyo kemikali zinavyoongezeka, ilhali rangi, harufu na ladha yake huenda zisibadilike hata kidogo.

Zina madhara gani mwilini?

Thaleti kadhaa na bisfenoli A huvuruga kazi ya homoni, hasa zinazohusika na uzazi, ndiyo maana wajawazito na watoto wadogo wanastahili uangalifu wa pekee. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisfenoli A katika chupa za kunyonyeshea mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango cha kemikali hiyo kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali.

Nihifadhi dawa yangu vipi?

Tumia chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, ambacho pia huzuia mwanga, na uiweke mahali penye ubaridi. Kama huna budi kutumia plastiki, subiri dawa ipoe kabisa kwanza. Dumu lililowahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi, kwa kuwa sumu hiyo hupenya ndani ya plastiki yenyewe.