Maana ya mpangilio wa majeraha katika tiba ya kisheria

Mtu analetwa hospitalini kichwa kimepasuka. Waliomleta wanasema kaanguka bafuni. Polisi wanataka kujua: kaanguka au kapigwa? Hapo ndipo dhana ya mpangilio wa majeraha inapohitajika. Maana yake ni kutazama aina ya jeraha, umbo lake, mahali lilipo na majeraha mengine yaliyoandamana nalo, ili kujua kitu gani kimemdhuru mtu na kwa namna gani. Hufanywa kwa maiti, na hufanywa vilevile kwa walio hai.

Kwanza aina. Kidonda cha panga au kisu kina kingo safi, na kila kilichokuwa njiani kimekatika. Kidonda cha rungu, jiwe au ukingo wa sinki kina kingo zilizochubuka, na ukikitanua taratibu utaona nyuzinyuzi za nyama na mishipa midogo zingali zimeshika upande huu na ule. Kitu butu huponda na kupasua, hakikati. Kichwani tofauti hii hufichika kwa sababu ngozi imelala juu ya mfupa, na rungu huweza kuipasua mstari ulionyooka ukadhani ni panga. Mwenye haraka akiandika "amekatwa", upelelezi unaanza kutafuta panga ambalo halikuwapo.

Halafu umbo. Fimbo au bomba likitua mgongoni kwa nguvu haliachi mstari mmoja wa damu iliyovilia. Huacha miwili, inayokwenda sambamba, na katikati ngozi imebaki na rangi yake. Pale fimbo ilipogandamiza, damu ilisukumwa kando. Mishipa iliyopasuka ni ile ya kingoni, ngozi iliponyooshwa ghafla. Upana wa nafasi ile hukaribia upana wa fimbo yenyewe. Mkanda huweza kuacha umbo la kifungo chake, na tairi huweza kuacha nakshi zake kwenye paja.

Mahali nako kuna mengi. Anayeanguka hutua kwa sehemu zilizochomoza: paji la uso, kidevu, viwiko, viganja, magoti. Mtoto anayejifunza kutembea na mwenye alama kwenye ugoko hashangazi. Lakini alama masikioni, shingoni au matakoni, kwa mtoto ambaye hata kutambaa bado, zinadai maelezo. Ndivyo ilivyo kwa maji ya moto. Chai ikimwagika hutiririka, hurukia huku na kule, na huunguza kidogo zaidi kadiri inavyoshuka na kupoa. Mguu uliotumbukizwa na kushikiliwa ndani ya maji huungua sawasawa mpaka kwenye mstari mmoja, kama amevaa soksi. Daktari akiuona mstari ule, asimruhusu mtoto arudi nyumbani kabla watu wa ustawi wa jamii hawajaitwa.

Anayeshambuliwa huinua mikono. Ndiyo maana huchunguzwa viganja, kama alishika makali ya kisu, na kigasha, ambako mfupa wa upande wa kidole kidogo huvunjika unapopokea rungu. Mfupa huohuo huvunjika pia katika ajali za barabarani, kwa hiyo jeraha moja halitoshi kutoa hukumu. Huangaliwa yote kwa pamoja, kisha hulinganishwa na maelezo yaliyotolewa: je, kuanguka mara moja kunaweza kuleta majeraha pande zote mbili za kichwa, mgongoni na kwenye mapaja kwa ndani?

Kuna mipaka. Majeraha huweza kueleza kitu kilichotumika. Jina la aliyekishika hayalitaji. Umri wa damu iliyovilia ni mgumu kuukadiria kwa rangi: umanjano kwa kawaida hauonekani kabla ya saa 18 hivi, lakini zaidi ya hapo rangi hudanganya. Kwenye ngozi nyeusi sana mvilio huweza usionekane kabisa, ukajulikana kwa uvimbe na maumivu tu. Tena damu husafiri: pigo la paji la uso huweza kutokea kesho yake kama jicho jeusi.

Kwa Tanzania yote haya huishia kwenye karatasi moja, fomu ya polisi PF3, na kwa Kenya kwenye P3. Anayeijaza mara nyingi si bingwa wa uchunguzi wa maiti. Ni daktari au tabibu wa zamu mwenye foleni ndefu mlangoni. Kuokoa maisha kunatangulia, hilo halina mjadala. Ila hali ikiruhusu, kabla ya kushona apime urefu kwa sentimita, aeleze kingo, ataje umbali kutoka sikioni au kwenye nyusi, na apige picha rula ikiwa kando ya jeraha. Akiandika "jeraha kichwani" na kuishia hapo, siku ya kesi atakuwa amebaki na kovu tu, na zile nyuzinyuzi hazipo tena.