"Shotikati ni za mabingwa" na uongo mwingine tunaodanganyana kwenye kodi

"Shotikati ni za wakongwe." Hii ndo inaongoza. Dogo anaanza kodi (ya kompyuta jamani, siyo ile ya TRA) anaambiwa we jifunze lugha kwanza, shotikati, yaani njia za mkato za kibodi, utazikuta mbele. Mwaka wa pili huo bado anashika mausi, anapaka laini, anakopi, anashuka, anapesti, anafuta. Wakati kwenye VS Code (editor, yaani programu ya kuandikia kodi) ya Windows ukishika Alt ukabonyeza mshale wa chini laini nzima inahama, ukiongeza na Shift inajikopi yenyewe. Ukongwe uko wapi hapo? Ni vidole tu, vinazoea.

"Kubadili jina, tafuta-na-badilisha inatosha." Hapa tukae kidogo maana mi nimeshalizwa. Nilikuwa na veriabo (kihifadhio cha data kwenye kodi) inaitwa jina, nikataka iwe jinaKamili, nikabadilisha faili zima kwa mkupuo, kumbe kulikuwa na jinaLaBaba nayo ikageuka jinaKamiliLaBaba, na kwenye fomu palipoandikwa "Andika jina lako" pakawa "Andika jinaKamili lako", na nilishapandisha kitambo, mteja ndo akanipigia kuniuliza hicho ni Kiswahili cha wapi.

Dawa yake ilikuwa F2. Weka kishale juu ya jina, F2, andika jipya, Enter. Yenyewe haiwindi herufi, inaangalia hilo jina ni la nani, kwa hiyo jina lingine kama hilo ndani ya fankisheni (kipande cha kodi unachokiita kwa jina) nyingine haligusi, na maneno ya kwenye alama za nukuu inayaacha. Ila lazima editor iielewe lugha yako: JavaScript na TypeScript zimo tayari, Python unaweka ekstensheni.

Halafu kuna Ctrl+D, hii ndo naipenda kuliko zote. Kila ukibonyeza inashika neno linalofuata lililofanana, unaona kwa macho yako, ukianza kuandika yanabadilika yote kwa pamoja. Likija usilolitaka, Ctrl+K kisha Ctrl+D unaliruka. Umepitiliza? Ctrl+U. Na ujanja ambao wengi hawaujui: ukianza bila kupaka chochote inachukua neno zima tu, jinaLaBaba inabaki salama, ila ukipaka herufi mwenyewe ndo inaokota hadi vipande vya maneno mengine.

"Bila Vim we bado." Acheni hizo. Vim, editor ya Bram Moolenaar, iko toka 1991 na ni kali kweli, unabonyeza nukta tu inarudia badiliko lako la mwisho, ila kama uko VS Code na kazi inaenda, kaa hapohapo.

"Ukishakuwa fasta, kurudia kodi siyo ishu." Ni ishu sana, na shotikati ndo zinaificha. Blok ileile umeikopi mara 6 unabadilisha namba tu, hapo unahitaji fankisheni au lupu (kodi inayojirudia yenyewe), maana siku kuna kosa ndani yake utalirekebisha mara 6 na moja utaisahau. Shotikati ni za yale marudio yasiyokwepeka, kama HTML, ile ya kuandikia kurasa za wavuti. Kwenye faili la HTML andika ul>li*5 halafu Tab, unapata orodha ya vitu vitano imekamilika na tagi zake. Alama ya ! na Tab inakupa kiunzi cha ukurasa mzima. Hiyo inaitwa Emmet, imo humo humo, hauinstoli kitu.

"AI inaandika yote siku hizi." Sawa, inaandika, ila ikikupa jina baya sehemu 14 utakaa unaibembeleza upya wakati F2 ni sekunde?

"Kukariri zote hizo siwezi." Nani kakuambia ukarire? Ctrl+K kisha Ctrl+S, orodha yote inafunguka, unatafuta, unabadili uweke vitufe unavyotaka. Mi zangu za Alt nilishazihamisha siku nyingi, Alt ya kushoto ilinyweshwa chai.