Acheni kuwavalisha vijana wangu nguo za mistari

Jamani tuliongee hili liishe. Kila tukitangaza kwamba kikundi changu cha vijana kinafanya Brundibár, opera iliyoimbwa na watoto wa Kiyahudi waliofungwa na Wanazi, lazima atokee mwalimu au mzazi wa kuuliza nguo za mistari, zile za wafungwa wa kambi za Wanazi, ziko wapi, mara tuweke waya wa miba, mara kijana mmoja avae uaskari ashike bunduki feki, ati ili vijana "wahisi walichohisi wenzao". Hawawezi kuhisi. Mtoto wa miaka 14 katoka kula chipsi na mama yake anamsubiri nje na gari, atahisi nini? Na mi siongozi mazoezi ya kutisha watoto.

Kwa asiyejua, ni opera ya watoto, muziki wa Hans Krása, maneno ya Adolf Hoffmeister, iliandikwa 1938. Ndugu wawili mama yao anaumwa, dokta kasema anywe maziwa, hela hamna, wanaenda kuimba sokoni, Brundibár mpiga kinanda wa mtaani anawatimua, shomoro, paka na mbwa wanawasaidia, wanashinda. Humo hamna Mnazi hata mmoja.

Sasa hiyo mistari ndo inanichosha. Watoto wa Kiyahudi walioiimba geto la Terezín, mji wa Ucheki ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, kuanzia Septemba 1943, mara 55, hawakuvaa mistari. Pale watu walivaa nguo zao zilezile walizokuja nazo, zimechakaa, na kifuani nyota ya njano ya kumtambulisha Myahudi. Ela Weissberger, aliyecheza paka na akapona, alisimulia hadi uzeeni kwamba wakiwa jukwaani ndo waliruhusiwa kuivua hiyo nyota. Yaani kwa muda wa onyesho walikuwa watoto tu, halafu wewe unakuja miaka 80 baadaye unamvika kijana yunifomu ya kambi nyingine kabisa ili ukumbi ulie! Mtu akishalia anaona kazi yake imeisha, anachukua koti anaenda.

Vijana wenyewe wanashikwa na kitu kingine: waigizaji walikuwa wanabadilika kila mara, maana treni za kwenda kambi za mauaji huko mashariki ziliwachukua, na nafasi ya aliyeondoka anaingia mwingine, onyesho linaendelea. Mazoezini huwa namtoa mtu katikati ya wimbo bila kusema kwa nini, namwingiza mwingine, kwaya inayumba, kisha tunakaa chini tunaongea. Kuna siku najiuliza kama hilo nalo si lilelile ninalowakatalia wazazi.

Na wale wa "sanaa iliwaokoa", hapana. Juni 1944 Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua geto, Wanazi walishapaka kuta rangi na kupanda maua ili paonekane pazuri, na wageni wakaonyeshwa Brundibár, baadaye ikaingizwa na kwenye filamu ya propaganda. Oktoba Krása kauawa kambi ya Auschwitz, na watoto wengi wa kikundi kile nao walipelekwa hukohuko.

Hapo ndo nakwama kweli. Tukiimba vizuri, taa nzuri, watu wanapiga makofi, tunawakumbuka wale watoto au tunarudia shoo ya wageni? Vijana wangu wanataka hiyo habari ya ukaguzi isomwe kabla pazia halijafunguliwa, mtazamaji akae anajua. Mi nataka isomwe baada ya makofi, maana nataka akumbuke kwamba na yeye alipiga. Wao wanasema huo ni mtego na si haki kumtega mtu aliyekuja kwa nia njema. Onyesho ni wiki ijayo, bado tunabishana.